Jini Aliyefungiwa kwa Mpika Halua

Katika zama ambazo hata wakongwe wetu walizisikia kwa wakongwe wao, mji wa Kundurati ulitawaliwa na Sultani Shihabu bin Mudhafari, mtu mpole wa moyo na mkali wa macho, na mji wake ulikuwa na nyumba za ghorofa zilizobanana hata mtu akipiga chafya upande huu, jirani wa upande wa pili humwombea rehema bila kuinuka kitini. Na masoko yake yalijaa hariri na udi na zafarani, na watu wake walipenda mambo mawili kuliko yote ya dunia, nayo ni maongezi na halua. Mimi ninayewasimulia sikuwapo siku hizo, lakini halua ya Kundurati nimeila, na aliyeila huwa hana haja ya kutia chumvi.

Na mpishi aliyewapita wapishi wote aliitwa Mahfudhi, mtu mnene, mkaidi, mwenye mikono mikubwa na moyo laini alioufichaficha sana, na alikaa katika mtaa wa Wafua Shaba pamoja na mama yake, Bi Mwanamize, na mkewe, Bi Salme, na watoto wao wawili, Sudi kijana wa kiume na Nargisi dada yake. Halua, kwa asiyeijua, si kazi ya mtu mmoja. Sukari na wanga na samli vikishaingia katika sufuria ya shaba, mwiko hauruhusiwi kusimama, maana ukisimama kidogo tu chini hugandana na kuungua, na kazi yote imekwenda bure. Basi katika nyumba ile kulikuwa na desturi iliyotoka kwa babu wa babu: aliyechoka hupaza sauti, "Pokea!" na aliye karibu hushika mwiko juu ya mikono ya mwenzake kabla mwenzake hajauachia, na hivyo mwiko huzunguka mpaka halua ing'ae kama kioo.

Lakini ugomvi hauna haya, huingia hata kwenye lozi. Siku moja Sudi alizikaanga lozi kabla ya kuzitia katika halua, bila kumwuliza baba yake, kwa kuwa aliona zitakuwa tamu zaidi; na kwa haki ya Mungu zilikuwa tamu zaidi. Mahfudhi alizionja mbele ya wateja akazitema, akasema lozi za ukoo wao hazijapata kuguswa na moto, na Sudi akajibu neno ambalo mtoto hamjibu mzazi wake, na Mahfudhi akaapa kwamba jina la kijana yule halitapita tena ulimini mwake. Tangu siku ile wakawa hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu.

"Mama," Mahfudhi husema, "mwambie mjukuu wako aniondolee kiatu mlangoni."

"Bibi," Sudi hujibu, naye amesimama pale pale, "mwambie mwanao kiatu hicho ni chake."

Na Bi Mwanamize, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu alimwita Sudi mume wangu, na Nargisi akamwita mke mwenzangu, hupiga makofi akasema, "Haya, tazameni! Mwanangu na mume wangu wanagombana, na kiatu chenyewe kimetoboka."

Alicheka, lakini moyo ulimuuma. Na uliwauma wote siku ambayo Mahfudhi, akiwa jikoni na Sudi peke yao, alichoka mikono na hakutaka kusema "Pokea" kwa mtu asiyesema naye, na Sudi akaona mwiko unalegea na hakutaka kuushika bila kuambiwa, na kila mmoja akamngoja mwenzake, na halua ikaungua, na moshi wake ukatanda mtaa mzima mpaka wafua shaba wakatoka na ndoo za maji.

Hali ikiwa ndiyo hiyo, ikaja Homa ya Pumzi. Ilikuja na msafara kutoka nchi za mbali, na ilikuwa na tabia hii, kwamba mgonjwa huwaka moto, kisha humjia usingizi mzito, na ndani ya usingizi ule pumzi yake husahau njia, naye hufa kimya kimya bila kuaga mtu. Tabibu mkuu akaingia barazani kwa Sultani, akainama mpaka kilemba chake kikagusa zulia, akasema, "Ewe bwana wetu, Mungu akudumishe, homa hii haina miguu, hubebwa na sisi wenyewe tunapotembeleana. Afunge kila mtu mlango wake, na vyakula vipandishwe madirishani kwa vikapu, na kila kiingiacho kioshwe kwa siki, na tusubiri mpaka ichoke." Sultani akasikia, akaamuru, na askari wakapita mitaani wakiupiga kila mlango nta nyekundu, na juu ya nta wakapiga muhuri kwa pete ya Sultani, ambayo jiwe lake, wasemavyo watu, lilitoka katika hazina ya Nabii Suleimani. Na mihuri ya mtaa mmoja ilishonwa kwa uzi mmoja, hata ukivunjwa mmoja yote hufunguka, ili kila jirani awe mlinzi wa mwenziwe.

Aliyelia zaidi alikuwa Nargisi, kwa sababu harusi yake ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile, na bwana harusi, Hilali mshona kofia, alikaa nyumba ya mkabala, dirisha kwa dirisha, karibu kiasi cha kupeana sindano kwa mwanzi, na sasa akawa mbali kama yuko Uchina.

Nta ilipopigwa tu kwenye mlango wa Mahfudhi, watu wa ndani wakasikia kishindo, kama mtu aliyejigonga kichwa, na sauti nene ikasema, "Ah!" Kisha ukatoka moshi wa kibuluu, ukajikusanya, ukawa jini mkubwa mwenye pembe za kijani, kichwa chake kimebanwa na boriti za sebuleni na miguu yake imetokea jikoni.

"Enyi wana wa Adamu!" akanguruma. "Tetemekeni! Mimi ni Zamhariri bin Ghubari, amiri wa majini wa Mlima Kafu, nivunjaye ngome na kukausha mito!"

"Na hapa nyumbani kwangu umefuata nini?" akauliza Mahfudhi, akitetemeka kama alivyoamriwa.

Jini akatazama pembeni. "Nilikuwa nalamba sufuria," akasema.

Kumbe kila siku alikuwa akija kama upepo kulamba masazo ya halua, na siku ile alikawia, na muhuri ukamfungia, kwani jini hatoki katika nyumba yenye muhuri ule, hata kwa dirishani, wala uwezo wake haumfuati. Uwezo wake ulibaki nje ya mlango kama fimbo ya mgeni. Bi Mwanamize akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Mjukuu wangu, wewe ni mgeni wetu, karibu. Lakini kunja miguu, watu wapite."

Na amiri wa majini akakunja miguu.

Siku zikaenda. Zamhariri akafundishwa kuchambua mchele, na alichambua vizuri, kwa sababu macho ya jini huona kijiwe gizani; na Bi Salme akamtundikia kanga zilizofuliwa kwenye pembe ili zikauke, kwa kuwa pembe zake zilikuwa na joto jema. Lililomshinda lilikuwa moja. Bi Mwanamize alipochoka kupeleka maneno baina ya baba na mwana, kazi ile alimwachia yeye.

"Bwana jini," husema Mahfudhi, "mwambie huyo kijana asogee, amenizibia upepo."

"Bwana jini, mwambie huyo mzee dirisha liko upande wa pili."

Zamhariri akajishika pembe. "Nimepeleka ujumbe wa wafalme kutoka mashariki hadi magharibi," akalalamika, "na sijapata kutumwa kutoka mkeka huu kwenda mkeka huu!"

Kila mara, anapompata mmoja wao peke yake, alimnong'oneza, "Kwangua ile nta kwa ndani, kupitia ufa wa mlango. Nitoke, uwezo wangu unirudie, na nitakupa lolote utakalo." Alimnong'oneza Nargisi habari za harusi, na Nargisi akaziba masikio. Alimnong'oneza Sudi habari za safari, na Sudi akatazama mlango kwa muda, kisha akasema uzi ule unapita mlangoni kwa wenye watoto wachanga, akaenda zake.

Sasa sikieni kosa la Bi Mwanamize. Bibi huyu hakuweza kukaa asubuhi moja bila tambuu, na tambuu ilikuja katika kikapu pamoja na vitu vingine, na ilitakiwa ioshwe kwa siki. Wewe umepata kutafuna tambuu iliyolowa siki? Yeye alijaribu mara moja akasema afadhali homa. Tangu hapo akawa anaiopoa kikapuni kabla haijaoshwa na kuificha katika pindo la kanga, na hakuna aliyemwona ila jini, na jini alihongwa kwa kumegewa halua. Na homa, ambayo haina utani, ikamsikia.

Alipoona mwili unawaka, mwenyewe alipanda chumba cha juu, akafunga mlango wa nakshi, akasema kwa ndani, "Msiingie. Nimeyataka mwenyewe." Hapo nyumba nzima ikapoa. Zamhariri peke yake ndiye aliyeweza kuingia kumnywesha maji, kwa maana homa ya waliotoka udongoni haimshiki aliyeumbwa kwa moto, na aliposhuka uso wake ulikuwa si uso wa amiri.

Mahfudhi akachukua kisu cha kukatia halua, akaenda mlangoni. "Jini," akasema, "nikivunja muhuri, utamponya mama yangu?"

"Kwa kupepesa jicho," akasema Zamhariri.

Mahfudhi akainua kisu, na machozi yakamtiririka hadharani. Ndipo sauti ikaja kutoka juu, dhaifu lakini yenye ukali ule ule uliomlea.

"Mahfudhi! Ukikigusa hicho kilakiri cha nta si mwanangu. Mimi niponywe, na uzi ukatike, na homa imwingilie yule mtoto wa mfua shaba ambaye hajaota hata jino? Nitamwamkia mama yake kwa uso gani? Weka kisu. Na wewe, mjukuu wangu mwenye pembe, usimtie mwanangu majaribuni. Umekula kwangu."

Mahfudhi akaweka kisu chini, akakaa sakafuni. Na Zamhariri, ambaye tangu kuumbwa kwake hakuna aliyemwita mjukuu kabla ya kikongwe yule, akaanza kupiga chafya za moshi, na hivyo ndivyo majini wanavyolia.

"Nimewaficha neno," akasema, "kwa kutaka kutoka. Homa hii niliiona katika mji mwingine, zamani za babu yangu. Mgonjwa hauawi na moto, huuawa na usingizi. Sauti anayoijua ikimsemesha bila kukoma, mpaka moto ushuke, pumzi haisahau njia. Ikikoma tu, amekwenda. Mimi siwezi kumsemesha, maana sauti ya jini haiingii katika sikio la aliyelala; kama ingeingia, nyinyi wanadamu msingelala hata siku moja. Lakini wanadamu nao huchoka, na pale nilipoyaona haya hakuna aliyeweza."

Bi Salme akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Pale hawakuwa wapika halua," akasema. "Sisi kusonga bila kukoma ndiyo kazi yetu. Mimi naanza."

Akapanda, akakaa nje ya mlango wa nakshi, akamsimulia mkwewe umbea wote aliokuwa ameuweka akiba tangu aolewe, na si mdogo. Sauti ilipomkwaruza akasema, "Pokea!" na Nargisi akalipokea neno kabla mama yake hajalimaliza, akaimba nyimbo zote za harusi yake iliyoahirishwa, na alipofika mwisho Hilali akapokea kutoka dirisha la pili, akasoma kwa sauti majina ya darizi za kofia zote alizopata kushona. Bibi akasema kwa ndani, "Kijana huyu hana maneno, lakini nia anayo." Akapokea mfua shaba, akapokea mkewe akiwa na mtoto begani, na mtoto naye akapiga kelele zake, zikahesabiwa kuwa ni zamu. Mtaa mzima ukawa madirishani. Sudi akakaa mlangoni akasema, "Mke wangu, ukinifia leo, kesho naoa, tena kijana," na bibi akajibu, "Na nani atakubali kuolewa nawe, na pua hiyo?" Watu wakacheka na kulia kwa pamoja, na ndani jini akawa anabandika na kubandua vitambaa vya maji, na kila mara hutangaza, "Anapumua! Anapumua!"

Ikawa hivyo usiku na mchana, na bibi akaacha kujibu, akazama katika usingizi ule, ikabaki pumzi tu.

Alasiri moja, jua likiwa kali, Bi Salme na Nargisi walilala walipoangukia, na madirisha ya mtaa yakafungwa kidogo watu wavute nguvu, kwa kuwa zamu ilikuwa ya Mahfudhi na sauti yake ilikuwa nzima. Alimsimulia mama yake utoto wake, jinsi alivyomwibia sukari na jinsi alivyompiga kisha akampa sukari nyingine, na katikati ya hadithi sauti ikamkatika. Akageuka. Hapakuwa na mtu mwingine ila Sudi, amekaa ngazini nyuma yake, macho wazi. Mahfudhi akafungua mdomo, na kile kiapo kikamkaa kooni. Sudi akaona, akainuka nusu, akangoja aambiwe. Baba akangoja mwana apokee mwenyewe. Na ngazi nzima ikanyamaza, kama jikoni siku ile.

"Imesimama!" akapiga yowe Zamhariri kwa ndani. "Pumzi imesimama!"

"Sudi!" akalia Mahfudhi, kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi. "Sudi! Sudi mwanangu, pokea!"

Na Sudi akaruka, akashika mikono ya baba yake pale ilipokuwa imeshika kitasa, juu yake, kama washikavyo mwiko, akaita, "Labeka, baba, nimepokea! Bibi! Mke wangu! Sijakulipia mahari, unakwenda wapi? Rudi hapa!" Na Mahfudhi hakuiondoa mikono yake, akaita naye kwa mkwaruzo, na madirisha yote yakafunguliwa kwa pamoja.

Ndani pakasikika pumzi ndefu, kisha kikohozi, kisha jini aliyekuwa akipiga chafya za moshi bila kiasi.

Asubuhi moto ulikuwa umeshuka. Bi Mwanamize akaomba halua, na ikapikwa, na baba alipotaka lozi, Sudi akamletea mbichi, na Mahfudhi akazitazama akasema, "Mbona hazijakaangwa?" Basi, suluhu yao ilikuwa hiyo, wala hawakuandikiana mkataba.

Habari ikapita dirisha kwa dirisha na mtaa kwa mtaa, na Kundurati yote ikawa mji wa kelele, kila nyumba yenye mgonjwa inasema bila kukoma, na asiye na jamaa husemeshwa na jirani, na Sultani Shihabu mwenyewe akakaa sakafuni humo kasrini, nje ya chumba cha waziri wake, akimsimulia visa vya ujana wao, vingine visivyofaa kuandikwa. Walikufa waliokufa, Mungu awarehemu, na majina yao yanatajwa hata leo; lakini waliopona walikuwa wengi kuliko alivyothubutu kuomba yeyote, na homa ikachoka, ikatoka mjini.

Siku ya kufungua milango, uzi ulikatwa kwa ngoma na tarumbeta, na harusi ya Nargisi na Hilali ikafanywa njiani, kwa kuwa hakuna aliyetaka tena kukaa ndani ya nyumba. Zamhariri akatoka, uwezo wake ukamrudia, akakua mpaka mawingu, watu wakasema amekwenda. Kisha akarudi kimo cha sebule, akaweka mbele ya Mahfudhi gunia la zafarani ya Mlima Kafu ambalo halipungui hata likichotwa, na kwa zafarani ile nyumba ile ikatajirika, na Sultani hakula tena halua ya mwingine. Lakini yeye jini aliomba jambo moja tu, atiwe katika zamu za mwiko.

Naye Sultani akamkabili bibi akasema, "Ewe mama yetu, wewe ndiwe wa kwanza kurudi kutoka usingizi ule. Katika maneno yote uliyoambiwa, ni lipi lililokuwa dawa? Niliandike kwa dhahabu mlangoni kwa mji."

Bi Mwanamize akahamisha tambuu kutoka shavu hili kwenda shavu lile.

"Ewe bwana wetu, Mungu akuweke," akasema, "sitakudanganya. Nilikuwa nimechoka na kelele zao, na usingizi ulikuwa mtamu, na palipokuwa kimya nikajiambia, alhamdulillahi, sasa nilale. Mara nikamsikia mwanangu anamwita mwanawe kwa jina. Nimelingoja jina hilo tangu siku ya lozi. Nikasema, hapa silali, lazima nisikie anavyoitika."

Sultani akaamuru liandikwe neno moja, nalo liko mpaka leo juu ya lango la Kundurati, na wageni huliuliza maana yake na wenyeji huwapeleka jikoni wakajionee, na mafunzo ya hekaya hii ni yayo hayo: aliyechoka aseme, na aliye karibu asingoje. Mimi nami nimesema mpaka sauti imenikauka. Wewe uliye karibu, pokea.